Gramafoni ya Kutia Ufunguo: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Ukipita Gizenga au Hurumzi, mitaa ya Mji Mkongwe Zanzibar, jioni maduka yanapowasha taa, utaiona tu: tarumbeta la shaba linang'aa mlangoni, chini yake sanduku la pembe nane, na sahani moja ya santuri imewekwa juu kama pambo. Watu husimama wakaitazama, wengine wakanunua. Mimi nilinunua. Wakati huo nilikuwa na sahani mbili za taarabu nilizoachiwa na bibi yangu, zenye ile picha ya mbwa anayesikiliza tarumbeta, na nilitaka kusikia alichokuwa akikisikia yeye ujanani mwake. Nikaifikisha nyumbani, nikaitia ufunguo, nikashusha sindano. Sauti ilitoka pamoja na mkwaruzo mzito, na wimbo ulipokwisha niliona unga wa kijivu umelala juu ya sahani. Nikapiga tena siku ya pili, na ya tatu. Upande ule leo hausikiki maneno. Violini unaitambua kwa mbali, lakini mwimbaji ameshazama.

Unga ule ulikuwa sahani yenyewe, imechimbwa na sindano.

Ndiyo maana hapa chini nimezipanga gramafoni kwa kipimo kimoja: inaitendaje sahani yako? Chombo kikiharibika hupata fundi. Sahani ya taarabu ya miaka ya 1920 ikishalika, imekwenda. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa His Master's Voice (HMV), kampuni ya mbwa huyo huyo, na sahani zile zikaingia majumbani pwani nzima. Zilizobaki zimo makabatini mwa watu, Ng'ambo, Wete, Chake Chake, nyingine hazijapigwa miaka hamsini. Anayenunua gramafoni hapa kwetu amebeba amana, hata kama mwenyewe hajalifikiria hilo.

Ya kwanza: HMV 102, na dada yake 101

Hizi ni zile za mfano wa begi, zenye mshikio, nyingi zao nyeusi. Ya 101 ilitoka mwaka 1925, ya 102 mwaka 1931, na hii ya pili iliendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1950. Hazina tarumbeta la nje. Bomba la sauti limekunjwa ndani ya sanduku, na sauti hutokea pale chini ya kifuniko.

Mwaka huo wa 1925 ndio makampuni yalipoanza kurekodi kwa maikrofoni ya umeme. Kabla yake mwimbaji alikuwa akiimba ndani ya tarumbeta, na nguvu ya sauti yake ndiyo iliyoisukuma sindano ya kuchonga. Sahani za umeme zina besi zaidi na sauti nyembamba zaidi, na kichwa cha gramafoni ya zamani, kigumu, hakizifuati vizuri. Badala ya kuzifuata kinazilima. HMV 102 iliundwa kwa ajili ya sahani hizi. Zile za Siti ni za umeme, na zile za Misri za Umm Kulthum na Mohamed Abdel Wahab za miaka ya 1930, ambazo wazee wetu walizipenda mno, nazo ni za umeme. Kwa hiyo chombo na sahani vinaelewana.

Kabla hujapatana bei, kitazame kichwa cha sauti, kile cha duara kinachoshika sindano. Kwenye 102 mara nyingi utakuta kimeandikwa 5A au 5B. Ndani yake mna kiwambo cha alumini chembamba kama karatasi, na ukingoni kimeshikwa na mpira. Mpira wa miaka themanini huwa umekuwa jiwe. Dalili yake ni mlio wa nyuki, hasa mwimbaji anapopandisha sauti. Hilo lisikutishe, kwani kubadili mpira ni kazi ndogo kwa mwenye mkono mwepesi. Kinachotisha ni gamba lenyewe. Lilimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki, na zinki ya wakati ule huvimba na kupasuka yenyewe kadiri miaka inavyopita. Pitisha ukucha kuzunguka ukingo. Ukihisi nyufa kama za udongo wa kiangazi, au ukiona kichwa hakizunguki vizuri kwenye mkono wake, hesabu kuwa utahitaji kichwa kingine, na umwambie muuzaji hivyo. Kwa bahati vichwa vya 102 vilitengenezwa vingi na bado vinapatikana kwa wakusanyaji wa Uingereza na India. Hii nayo ni sababu ya kuiweka juu.

Ya pili: Columbia na Decca za begi

Ukiikosa 102 usikate tamaa. Columbia za mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930 zina mtambo mzuri na sauti nzito, na watu wasiozijua huziuza kwa bei nafuu kwa sababu hazina mbwa. Decca ni miongoni mwa gramafoni za kubeba za mwanzo, ilianza mwaka 1914, na askari walikwenda nayo vitani. Zile za mwanzo hurudisha sauti kupitia bakuli la chuma lililomo kwenye kifuniko. Ni nzuri kuwa nazo, lakini kwa taarabu mimi naona sauti yake finyu. Vipuri vya zote mbili ni vigumu kupata kuliko vya HMV, basi nunua iliyo kamili tu.

Ya tatu: ya mezani yenye kifuniko

Sanduku la mbao, bomba lake ndani, wakati mwingine na milango midogo mbele. Kama nyumba yako ina ukumbi na huna haja ya kuihamisha, hii itakupa sauti ya joto kuliko begi lolote, kwa kuwa bomba lake ni refu. Nyingi zina kamani mbili, zile springi zinazoendesha mtambo, kwa hiyo unapiga kwa muda mrefu bila kutia ufunguo tena.

Adui wake ni fukusi. Igeuze. Ukiona vitundu vya ncha ya sindano chini ya sanduku na unga mbichi wa rangi ya mbao, bado wanakula. Vitundu vikavu bila unga ni kovu tu. Na bonyeza mbao kwa kidole gumba, maana unyevu wetu huachanisha tabaka zilizogandishwa, na sanduku lililoachana hunguruma pamoja na muziki.

Ya nne: ya tarumbeta la nje, ya kweli

Zipo, na ni chombo cha fahari. Lakini nyingi ni za kabla ya 1925, vichwa vyake vina kiwambo cha ulanga, na kwa uzito wake si vya kupigia sahani za Siti. Kama una sahani za zamani zaidi, au unapenda chombo kwa ajili ya chombo, nenda na mtu anayejua. Usinunue peke yako.

Fonografu za Edison za mitungi ya nta nisizipitie kwa urefu. Zinapiga mitungi tu, sahani hazipigi, na nta katika hewa yetu huota kuvu.

Ya mwisho: zile zinazong'aa Gizenga

Hizi huunganishwa zikiwa mpya, nyingi India, kwa mitambo iliyochomolewa kwenye mabegi yaliyokufa. Kuna njia za kuzitambua. Sanduku ni la pembe nne au nane, mbao yake mpya imepakwa rangi ya kuzeesha. Kibati cha mbwa kimepigiliwa kikakaa upande. Mkono unaobeba kichwa una kiwiko kinene nyuma, pale unapoingia kwenye tarumbeta, na ukiusukuma kwa kidole unakwama badala ya kuelea. Huko kukwama ndiko kulikoilima sahani ya bibi yangu: sindano inavutwa na mfuo, yaani ule mchirizi wa sauti kwenye sahani, mkono haufuati, ukuta wa mfuo unalika. Ukitaka pambo la sebuleni, ni pambo. Usiweke sahani juu yake.

Kupima mbele ya muuzaji

Muombe kwa adabu: "Mzee wangu, niruhusu niitie ufunguo mwenyewe." Zungusha taratibu. Mkono wako unapaswa kuhisi uzito unaongezeka sawasawa. Ukisikia mdundo mzito ndani, gudu, gudu, grisi ya zamani imeganda na mikunjo ya kamani inaruka badala ya kuteleza. Hiyo ni kazi ya kusafisha. Ukizungusha bila kuhisi uzito wowote, kamani imekatika.

Sasa weka sahani isiyo na thamani, chomeka kipande cha karatasi ukingoni, shusha sindano na utazame saa. Karatasi ipite mbele yako mara 13 kwa sekunde 10, maana sahani hizi huzunguka mara 78 kwa dakika. Ikipungua au kuzidi, tafuta kitufe cha mwendo urekebishe. Kisha acha upande mzima wa sahani ya inchi 10 umalizike, kama dakika tatu hivi. Sauti ikianza kulegea na kushuka kabla ya mwisho, mtambo umechoka. Ikiyumba kama mtu anayeimba huku akitembea kwenye ngalawa, tazama gavana, kile kidhibiti mwendo chenye vizito vitatu vinavyozunguka. Huenda kimoja cha vijibati vyake kimevunjika.

Kwa matengenezo, fundi wa cherehani au wa saa atakufaa kuliko fundi wa redio. Mafuta ya cherehani, tone moja moja, ndiyo yanayotakiwa kwenye ekseli za gavana na kwenye kile kipande cha felti kinachoibana. Kamani yenyewe husafishwa kwa mafuta ya taa, ikapakwa grisi yenye grafiti. Lakini kasha la kamani usilifungue nyumbani. Mle ndani mna mita kadhaa za chuma kilichojikunja kwa nguvu, na kikitoka ghafla kinakata mpaka mfupa. Fundi wangu wa Darajani huifungua amevaa glavu nzito, na watoto huwafukuza kwanza.

Sindano, na sahani zenyewe

Sindano ya chuma ni ya upande mmoja tu wa sahani, kisha unaitupa. Watu wengi hawaliamini hili, na sahani nyingi zimekufa kwa ajili yake. Sahani ilichanganywa na unga wa mawe ili iinoe sindano mpya ikae sawa na mfuo, kwa hiyo dakika tatu baadaye ncha imeshakuwa patasi. Nunua mpya, bado zinatengenezwa, na chagua nyembamba zenye sauti ndogo. Zile za kopo la zamani zilizoshika kutu kwa hewa ya chumvi, zibaki kwenye kopo.

Sahani za miaka ya 1960 na kuendelea, zile ndogo za 45 na zile kubwa za LP, usizipige kabisa kwenye gramafoni ya ufunguo. Ni za vinili, laini, na kichwa cha gramafoni kina uzito wa zaidi ya gramu 100. Mpigo mmoja unatosha kuzimaliza.

Sahani za 78 zina shelaki, utomvu wa mdudu, ule ule uliokuwa ukitumika kwenye lakiri ya kufungia barua. Spiriti huuyeyusha. Osha kwa maji ya kawaida na tone la sabuni ya vyombo, kibandiko cha katikati kikae kikavu, futa kwa kitambaa laini. Ukizitoa Pemba kwa meli, zifunge kanga moja moja, zisimame wima ndani ya ndoo au sanduku, na ukae nazo mwenyewe kivulini. Kichwa cha gramafoni kitoe ukiweke mfukoni, na mkono wake ufunge kwa utepe. Ukishafika, iache mpaka kesho yake kabla hujaitia ufunguo.