Kliniki ya meno Tudor, Mombasa: walivyomtengenezea mamangu meno ya bandia

Nyota nne, na naandika kwa urefu manake nimeona wengi hapa wanaweka tu "huduma nzuri" na mtu mwenye mzazi wa meno ya bandia hapati la kumsaidia.

Mamangu ni mtu mzima, ana sukari na presha. Meno yake ya kwanza alitengenezewa mahali pengine, sipataji, alivalishwa siku ile ile aliyomaliza kung'olewa. Mwanzoni yalikaa vizuri tu, baada ya miezi yakaanza kucheza, akiongea yanagongana, akila ya chini yanainuka. Akirudi kwa waliomtengenezea wanamuuzia gundi, wanamwambia mama vumilia utazoea.

Jamani, kuzoea ni zile wiki za mwanzo. Jino likishang'oka ule mfupa uliolishika unaanza kupungua, mwaka wa kwanza unapungua kwa kasi zaidi na baadaye hauachi, na taya la chini ndilo linalokwisha zaidi, sasa plastiki iko vilevile na taya limeshabadilika, lazima yalegee hata kama fundi alikuwa hodari. Meno ya bandia si miwani ya kusomea kwamba ukinunua ushamaliza, yanataka kuangaliwa angalau kila mwaka na pengine kuongezwa plastiki kwa ndani yashike upya.

Hapa Tudor daktari alimwambia, "Mama naomba uyatoe nione fizi." Mamangu akasita, hata sisi wanawe alikuwa hatuonyeshi mdomo wake bila meno. Daktari akaelewa bila kuambiwa, akamtoa msaidizi nje, akafunga mlango, akangoja. Kwa hilo tu namuombea dua.

Tulichoona sasa. Kaakaa jekundu lote, na ule wekundu umekatika sawasawa pale plastiki inapoishia, ungedhani umechorwa. Fangasi hiyo, inapenda meno yaliyolegea yanayosugua na yasiyotolewa usiku, na kwa mtu wa sukari ndio inapata nguvu. Chini, kati ya fizi na mdomo, nyama imeota mkunjo kwa vile ukingo ulikuwa unamkata pale pale kila siku. Na zile pembe za mdomo zilizopasuka, sisi tulikuwa tunapaka vaselini tu, kumbe na zenyewe ni fangasi, meno yakishuka mdomo unajikunja mate yanatuama pale.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba daktari alikataa kuchukua kipimo cha meno mapya siku ile. Alisema fizi zimevimba, ukipima sasa zikishanywea meno mapya nayo yatacheza. Akampa dawa ya fangasi, akaweka kitu laini ndani ya meno ya zamani ili yasimuumize, akamwambia alale bila meno, ayapige brashi kwa sabuni na ayatie kwenye maji ya kawaida, si ya moto, maji ya moto yanapinda plastiki. Hili la kulala nayo si dogo, kuna utafiti wa Japani wa 2015 kwa wazee wa miaka 85 kwenda juu, wanaolala na meno hatari yao ya kupata nimonia ilikuwa zaidi ya mara mbili.

Gundi pia alituuliza ni ya aina gani, akasoma ile tyubu. Zipo zenye zinki, na mtu akijipaka nyingi kila siku kwa muda mrefu zinki inapunguza shaba mwilini, mishipa ya fahamu inaharibika, miguu inakufa ganzi. Kwa mwenye sukari nani atafikiria gundi? Kila mtu atasema ni sukari tu.

Na chakula. Mamangu alikuwa ameacha nyama, ameacha mboga, maisha yake ni uji na mkate wa kuchovya kwenye chai, mtu wa sukari huyo! Akilazimisha mshikaki anameza vipande vizima, tunakaa roho juu asipaliwe.

Fizi zilipotulia ndio akapimwa. Siku ya kuvaa daktari alipaka dawa nyeupe nzito kama uji ndani ya meno, akayavalisha, akayatoa, pale palipofutika ndipo panapobana, akapiga tupa kidogo, akarudia tena na tena mpaka mamangu akasema sasa sihisi kitu. Pale pa kwanza walimpa kioo tu aangalie yanavyong'aa. Siku hizi anatafuna samaki wa kupaka na mahamri vizuri tu, mashallah.

Jingine alilosema na mimi nalipeleka kwenu: kidonda mdomoni kikipita wiki mbili hakijapona hata baada ya kuyatoa meno, kionwe haraka kisije kikawa saratani, haswa kwa wazee wetu wa tambuu na tumbaku.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu kliniki iko ghorofani na hakuna lifti, mzee wa magoti anateseka, na simu yao hawapokei. Bei si ya chini lakini wanakwambia yote mapema na unalipa kwa awamu kwa Mpesa. Nendeni asubuhi, mchana foleni inajaa, na mbebe meno ya zamani hata kama yamevunjika, pamoja na dawa zote anazokunywa mzee, wataziulizia.