Kijitabu cha vinyume na ulinganishi cha darasa la tano hadi la saba: chukueni, ila majibu ya nyuma myaangalie

Wazazi mnaouliza kuhusu vile vijitabu vya mazoezi ya Kiswahili vya sh 4,000, mimi nimechukua cha vinyume na ulinganishi wa maneno (yale maswali ya "hiki kwa kile ni kama hiki kwa nini"), natumia na binti yangu yuko la sita, na kwa kweli sehemu ya vinyume imeandikwa na mtu anayejua watoto wanakwama wapi.

Kitu cha kwanza kilichonifurahisha ni kwamba kinaanza na lile kosa la kila siku, mtoto anaulizwa kinyume cha "amefunga mlango" anaandika "hajafunga mlango". Huo ni ukanushi jamani, kinyume ni "amefungua". Halafu hapo hapo kinawapanga wale vitenzi ndugu pamoja, funga fungua, ziba zibua, kunja kunjua, tega tegua, anika anua, pakia pakua, yaani mtoto akishasoma mstari mzima anaanza kuotea mwenyewe wengine. Na hakimwachi hapo, ukurasa unaofuata kinamwonya kwamba si kila chenye -ua mwishoni ni kinyume cha kitu, kuna nunua, chagua, sumbua. Hii shuleni sijaona ikifundishwa hivi, mara nyingi wanapewa orodha wakariri.

Lakini palipo patamu zaidi ni zoezi la "-bichi". Wameweka sentensi tatu: kuni mbichi, embe bichi, nyama mbichi, mtoto atoe kinyume cha kila moja. Binti yangu akaandika kavu, kavu, kavu, akajisomea tena, embe kavu? akacheka akafuta mwenyewe. Kuni kavu, embe bivu, nyama iliyopikwa. Kuna na "kali" pia, kisu kikali ni butu ila mbwa mkali ni mpole. Hapo ndipo mtoto anaelewa kwamba kinyume unakitafuta ndani ya sentensi, neno likiwa peke yake halikwambii kitu.

Sasa ndo maana nikashangaa sana kufika jaribio la mwisho, wamemuuliza kinyume cha "kavu" bila sentensi, na kwenye majibu ya kuchagua wameweka "bichi" na "majimaji" yote mawili! Mtoto achague lipi?

Ulinganishi ndo umenisikitisha. Maswali yenyewe mazuri, nyuki kwa mzinga ni kama kuku kwa nini, ng'ombe kwa ndama ni kama chura kwa nini (kiluwiluwi), ila hakuna maelezo hata mstari mmoja ya namna ya kufikiri, ni maswali na majibu tu. Na majibu mengine sio. Seremala kwa mbao ni kama mhunzi kwa nini, wameweka nyundo, chuma, moto, jembe, ukifungua nyuma wameandika jembe. Haiwezekani, mbao ni kile seremala anachofanyia kazi, kwa hiyo mhunzi ni chuma, jembe ni kitu anachokitoa, ingekuwa seremala kwa meza hapo sawa jembe lingekubali. Mtoto aliyepata chuma anajisahihisha anaweka kosa, hii inaumiza, na wengi ndo wanajiandaa na mtihani wa la saba.

Mimi ninachofanya namwambia kwanza aunge yale maneno mawili ya mwanzo kwa sentensi fupi, "seremala anafanyia kazi mbao", halafu sentensi ile ile aihamishie kwa mhunzi bila kuibadilisha. Akishindwa kuunga sentensi aruke swali arudi baadaye. Inasaidia mno.

Karatasi nzuri, maandishi makubwa, nafasi ya kuandikia ipo ya kutosha. Kama mtoto yuko la nne mnaweza kumpa kurasa za vinyume tu, ulinganishi msubiri kwanza, na zile kurasa za majibu zikateni mkae nazo nyie, msahihishe kwa mkono wenu mkiwa na kamusi pembeni.