LibreOffice Base kwa namba za ndugu na za wateja: uzoefu wangu

Ofisi yetu ya uchapaji hapa Mwanza inatengeneza kadi za harusi, mihuri, kalenda na fulana za vikundi, na kazi ya namna hii inaendeshwa na namba za simu. Namba zenyewe, kama ilivyo kwa wengi, zilikuwa zimesevwa kwa majina ya "Mama Neema Kadi", "Mwl Fizikia" na "Juma Fundi AC 2". Nilizihamishia kwenye LibreOffice Base, programu ya kanzidata, yaani ya kutunza taarifa kwenye majedwali yanayounganishwa, na sasa nimeitumia vya kutosha kuisemea. Kwa ufupi, kupanga na kutafuta inafanya vizuri, kuchapa barua na lebo inafanya vizuri zaidi, ila kurudisha namba kwenye simu inachosha. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Base inakuja bure ndani ya LibreOffice, pamoja na Writer ya kuandikia na Calc ya majedwali ya hesabu, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Access ya Microsoft, ambayo wengi ndiyo wanaijua, ni ya kulipia na ni ya Windows tu. Ukiiweka Base hakikisha Java nayo ipo kwenye mashine, maana injini yake ya ndani inayotunza data, HSQLDB, haiwaki bila programu hiyo saidizi.

Ukianza kanzidata mpya unakutana na msaidizi (wizard), dirisha la kukuongoza hatua kwa hatua, mwenye majedwali ya mfano, na kitu cha kwanza anachotaka ni uchague: ya biashara au ya binafsi? Upande wa biashara kuna wateja, wafanyakazi, ankara. Upande wa binafsi kuna anwani, mapishi, mpaka mimea. Nilimfunga hapo hapo. Mhasibu wa SACCOS inayochapisha vitabu vya risiti kwetu ni mtoto wa shangazi yangu, na msimu wa harusi ukifika huyo huyo ni mweka hazina wa kamati. Umwandike upande gani? Ukimwandika kote kuwili, siku akibadili namba utairekebisha mahali pamoja, na pengine patabaki na namba ya zamani mpaka siku una haraka naye.

Kwa hiyo nilichora majedwali yangu mwenyewe, manne: Watu, Taasisi, Namba na Uhusiano. Jedwali la Watu halijui kabisa kama mtu ni ndugu au mteja. Linalojua ni Uhusiano, ambalo kila mstari wake unabeba mtu, taasisi, cheo, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mtoto wa shangazi yuko mara moja kwenye Watu, lakini ana mistari mitatu kwenye Uhusiano: SACCOS kama mhasibu, kamati kama mweka hazina, na "Familia", ambayo nimeiandikisha kama taasisi vilevile. Kamati ya harusi nayo ni taasisi, asikudanganye mtu. Ina mwenyekiti, ina vikao na ina madeni kuliko kampuni nyingi ninazozijua. Tofauti ni kwamba haina maisha marefu, na hilo tarehe ya kuisha inalimaliza.

Jedwali hili ndilo lililonifanya nibaki na Base. Chukua mwalimu wa taaluma aliyekuwa analeta kazi ya fomu za ripoti za wanafunzi, kisha akahamishwa shule. Kwenye simu ungebadili jina lake basi, na ile shule ya zamani ingepotea kimyakimya. Kwenye Base naweka tarehe ya kuisha kwenye mstari wa shule ya zamani, naongeza mstari wa shule mpya, namba zake sizigusi. Halafu nina hoja (query) moja niliyoihifadhi, yaani swali ninaloiuliza kanzidata, inayoniletea kila taasisi isiyo na mtu ambaye tarehe yake ya kuisha iko wazi. Shule ya zamani inatokea kwenye orodha hiyo siku ile ile, nami najua kwamba pale sina tena mtu wa kumpigia, niende nikasalimie. Hakuna orodha ya simu itakayokuambia hivyo.

Hoja hiyo niliiandika kwa SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, na hapa nikutahadharishe: majina ya majedwali yenye herufi kubwa na ndogo lazima yawekwe kwenye alama za kunukuu, "Watu" na si Watu, la sivyo HSQLDB inayageuza yote kuwa herufi kubwa kisha inakuambia jedwali halipo. Kwa hoja nyepesi huhitaji SQL. Kuna sehemu ya kuburuta majedwali na kuchagua safu kwa kubofya, na inatosha.

Namba za simu zina jedwali lake kwa sababu mtu wa huku ana laini mbili au tatu, kila moja na kazi yake. Mifano ya yule msaidizi inaweka safu ya simu, safu ya simu ya mkononi, hata ya faksi, ndani ya rekodi ya mtu. Ukishaweka safu tatu atatokea mwenye nne, na wenye moja watakuachia matundu. Kwangu kila namba ni mstari: ni ya nani, ni ya kupiga, ya WhatsApp au ya kupokea pesa, na kama bado iko hewani. Nimeongeza safu moja ambayo sijaiona kwenye mfano wowote, nayo ni jina linalotokea unapotuma pesa. Fundi unamjua kwa jina moja, laini yake ya pesa imesajiliwa kwa jina la mkewe, na kijana wa ofisini anasita kubonyeza namba ya siri kwa sababu jina halimwingii akilini. Safu hiyo imemaliza simu nyingi za "hili jina ni la kwako kweli?"

Aina ya data ya namba iwe maandishi, isiwe tarakimu. Ukiiweka tarakimu, 07 inapoteza sifuri ya mbele. Mimi naandika zote kwa +255 ikifuatiwa na tarakimu 9, hata za walio jirani, ili zikienda kokote zifanye kazi. Safu ya mtandao sikuiweka. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake ile ile, kwa hiyo kianzio cha namba hakikuhakikishii kitu. Na namba isiwe ufunguo msingi wa mtu, yaani kitambulisho cha rekodi yake, hata kidogo: mama na binti wanatumia simu moja, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hugawiwa mtu mwingine. Ufunguo uwe nambari inayojiongeza yenyewe, isiyo na maana yoyote nje ya kanzidata. Wenye msimamo mkali watasema namba inayotumiwa na watu wawili inahitaji jedwali jingine katikati. Kwa ofisi yetu ni kujitesa, naiandika mara mbili.

Kwenye majina pia mifano ya kigeni haitukai. Jina la kwanza na jina la ukoo kwa safu mbili, wakati sisi tuna jina letu, la baba na la babu, na mtaani hakuna anayetuita kwa lolote kati ya hayo. Nimeweka "Jina kamili" kama safu moja na "Anavyojulikana" kama safu nyingine, na utafutaji mwingi unapita kwenye ya pili. Ukichagua aina ya data ya VARCHAR_IGNORECASE, maandishi yasiyojali herufi kubwa au ndogo, kwa safu hizo, ukitafuta "mama neema" utampata "Mama Neema" bila kuhangaika na herufi kubwa. Anwani nimeigawa: S.L.P., kata, postikodi ya tarakimu 5, na safu ndefu ya maelekezo ya "ukishuka kituoni vuka barabara, geti jekundu nyuma ya msikiti", ambayo dereva wa bodaboda ndiyo anayoitaka. TIN iko kwenye Taasisi. Mwenye duka lake binafsi namwandikia duka kama taasisi, hata kama ni yeye na meza yake.

Fomu ni kazi nzuri ya Base. Fomu yangu kuu inaonyesha mtu juu, chini yake kuna fomu ndogo ya namba na nyingine ya uhusiano. Msaidizi wa fomu anakutengenezea fomu ndogo moja tu, ya pili unaiweka kwa mkono, na hapo utatoa jasho kidogo. Taasisi inachaguliwa kwenye orodha inayoshuka, haiandikwi, kwa hiyo hatuna tena shule moja yenye majina matano. Muonekano wake ni wa kizamani, sitakuficha.

Kilichonifurahisha zaidi ni barua na lebo. Ukishaisajili kanzidata ndani ya LibreOffice, Writer inaivuta moja kwa moja. Mwisho wa mwaka tunawapelekea wateja wa taasisi kalenda, na bahasha zote zinatoka kwenye printa na jina la mhusika wa sasa, cheo chake na S.L.P., bila mtu kukopi chochote.

Sasa nyota iliyopungua. Kwanza, injini ya ndani haiandiki kwenye faili papo hapo. Unajaza rekodi, unapita kwenye inayofuata, unaona imeingia, kumbe kwenye faili la .odb bado haijafika mpaka uhifadhi kanzidata yenyewe au uifunge. Kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, na umeme wetu huu, unajua maana yake. Vijana wote wa ofisini wanabonyeza kuhifadhi kila baada ya mtu mmoja, na nakala ya faili inakwenda kwenye flashi kila jioni.

Pili, simu. Base haina njia ya kutoa vCard, faili la namba ambalo simu inalisoma moja kwa moja. Natoa matokeo ya hoja kwenda Calc, nayahifadhi kama CSV, faili la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, yenye vichwa vya safu wanavyovitaka Google Contacts, kisha napakia huko na simu inajisawazisha. Inafanya kazi, lakini ukifungua CSV hiyo tena kwenye Calc bila kuiambia safu ya namba ni maandishi, alama ya kujumlisha inaweza kutoweka. Na mabadiliko yaliyofanywa kwenye simu hayarudi Base yenyewe.

Kuna jambo la kisheria ambalo wenye ofisi ndogo tunalipuuza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usiweke safu kwa sababu tu programu inakupa nafasi. Tarehe ya kuzaliwa na jina la mwenza, ambavyo mifano ya programu za namna hii hupenda kuvijaza, vya nini kwa mtu aliyekuja kuchonga muhuri? Nilivifuta.

Ningemshauri nani? Mwenye namba mia moja na kazi ya aina moja abaki na Excel. Anayetaka kutumia kwenye simu akiwa njiani, hapana. Mwenye ofisi ambako watu wale wale ni wateja, ndugu na wanakamati, na ana kompyuta moja ya kuingizia, aichukue. Hiyo kompyuta moja ndiyo mpaka wake, kwa sababu faili lenye injini ya ndani linatumiwa na mtu mmoja kwa wakati. Dada wa mapokezi ameshaanza kudai naye aingize namba kutoka kwenye mashine yake. Akishinda, data itahamia MariaDB, kanzidata inayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, fomu zitabaki Base.