Kompresa ya gereji na kibanda cha pancha: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Dukani utaonyeshwa vitu viwili: nguvu za farasi na ukubwa wa tangi. Havitoshi. Kinachojaza tairi na kurusha rangi ni lita za hewa ambazo kichwa cha kompresa, yaani sehemu inayobana hewa, kinatoa kwa dakika. Lebo nyingi huandika hewa inayoingia kwenye kichwa. Inayofika kwenye tangi huwa kama theluthi mbili tu. Tena mwinuko una lake. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na presha ya hewa huko ni pungufu kwa asilimia 20 hivi. Kisumu, kwenye mita 1,130, pengo ni asilimia 12 au 13. Mashine ileile ikipandishwa kutoka Kondele, Kisumu, hadi Nakuru itachukua muda mrefu zaidi kujaza tangi lilelile.

Kwa hiyo usilipe kabla ya kupima. Funga koki ya kutolea hewa, washa, na saa ya simu iwe mkononi. Hesabu sekunde ambazo geji ya presha inachukua kupanda kutoka bar 6 hadi bar 8. Zidisha lita za tangi kwa 2, kisha gawa kwa dakika ulizopata. Tangi la lita 100 likichukua sekunde 60, unapata lita 200 kwa dakika, na hiyo ndiyo hewa halisi. Muuzaji akikataa kuwasha, nenda duka la pili.

Ya kwanza: ya mkanda, silinda mbili, farasi 3, tangi la lita 100. Kwa gereji yenye stima, hii ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Kichwa ni cha chuma cha kusubu na huzunguka polepole, mara 1,000 hivi kwa dakika, ilhali ile ya mota iliyoungwa moja kwa moja na kichwa, bila mkanda, huzunguka karibu mara 2,850. Mwendo mdogo maana yake joto dogo, na ringi na vali hudumu. Spea zake zinapatikana: vali, gasketi, mkanda, hata mota nzima hubadilishwa bila kugusa kichwa. Inabeba spana ya hewa ya nusu inchi na bunduki ya rangi ya kawaida. Bunduki ya presha ya chini inayokula lita 300 au zaidi kwa dakika itaishinda, na fundi ataona rangi ikitoka kwa matone katikati ya mlango wa gari.

Usiichomeke kwenye plagi ya kawaida ya ampia 13. Farasi 3 huvuta karibu ampia 14 ikifanya kazi, na mara kadhaa ya hizo wakati wa kuanza. Mwambie fundi wa stima akuvutie waya wa kompresa peke yake, wenye breka ya ampia 20. Jioni, mtaa mzima ukipika, stima hushuka. Volti zikitoka 240 hadi 200, nguvu ya kuanza ya mota hubaki asilimia 70 hivi, ikanguruma bila kuzunguka. Zima mara moja, la sivyo waya za ndani zitaungua. Kama kazi iko mbali, refusha mpira wa hewa, si waya wa stima.

Ya pili: mota iliyoungwa moja kwa moja, yenye mafuta ya kulainisha, farasi 2, lita 50. Inatosha kabisa kwa pancha za boda boda, tuktuk na magari madogo, na kupuliza vumbi. Hubebeka. Ubaya wake ni joto: ipe nafasi ya kupumzika, isizunguke zaidi ya nusu ya muda wa kazi. Ukiona haizimiki siku nzima, kazi imeizidi.

Ya tatu: ya injini ya petroli. Hii ni ya mahali pasipo na stima, au kando ya barabara ya malori kama Salgaa. Lakini angalia presha. Tairi la lori huhitaji psi 100 hadi 120, na bar 8 za kompresa ya kawaida ni psi 116 tu. Tafuta kichwa cha hatua mbili, yaani kinachobana hewa mara mbili, kinachofika bar 10 au 12. Injini nayo hupoteza nguvu kwa mwinuko, basi chagua yenye ziada.

Ya nne: isiyotumia mafuta ya kulainisha. Hewa yake ni safi, nzuri kwa karakana ya fanicha. Kwa kibanda cha pancha kinachofunguliwa alfajiri hadi usiku, ringi zake huisha mapema.

Ya kuachwa: kichwa cha friji kilichofungwa kwenye mtungi wa gesi ya kupikia. Hewa hutoka kidogo sana, na mtungi haukutengenezwa kukaa na maji ndani mwaka mzima. Ukilipuka, hauchagui mteja wala fundi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya hewa ya mahali pa kazi yakaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa. Mtungi huo hauwezi kupita.

Ukishainunua, mafuta ni ya kompresa, daraja la uzito la ISO 100. Mafuta ya injini ya gari yana sabuni inayoacha masizi kwenye vali. Badilisha baada ya saa 50 za kwanza, kisha kila saa 300 hadi 500, na kiwango kikae kwenye doa jekundu la kioo. Mkanda ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba ushuke kama sentimita moja. Ukikazwa zaidi unaua beringi.

Mashine ikizima, sikiliza. Mlio mfupi wa hewa kwenye swichi ni sawa. Ukiendelea, vali ya kuzuia hewa isirudi imechafuka, na mota itashindwa kuanza kwa sababu kichwa bado kina presha. Toa hewa yote, ifungue, ifute. Hewa ikipuliza nje kupitia chujio la kuingilia, bati la vali limevunjika.

Maji yatolewe kila jioni kwa koki ya chini. Katika unyevu wa Kisumu, kila lita 1,000 za hewa huacha karibu gramu 15 za maji kwenye tangi. Yakitoka ya kahawia, kutu imeanza. Tundu likitokea usilichomelee, kwani chuma kinacholizunguka kimeshaliwa. Hamisha kichwa na mota kwenye tangi jipya.