Duka la steshenari Kariakoo, walimu wa sande skuli piteni hapa

Walimu wa sande skuli wa Dar na nyie wote mnaoshika hela za watoto kanisani, hii nawaandikia nyie kwanza. Mwezi uliopita nilienda kununua vifaa vya robo nzima kwenye duka moja la steshenari Kariakoo, wanauza jumla na rejareja, na kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe hii idara miaka mitatu iliyopita nimeritaya masurufu, yani nimerudisha hesabu ya hela niliyopewa ya manunuzi, bila kuitwa ofisini kujieleza. Nimefurahi mno yani, acha niwape habari yote.

Kwanza muelewe hela yenyewe inavyokuja. Sisi ni Walutheri, usharika uko huku njia ya Kimara, watoto walioandikishwa ni 87, makundi matatu. Idara inapata mgawo kila robo pamoja na sadaka ya watoto wenyewe, zile mia na mia mbili wanazokuja nazo wamezifumbata mpaka zimelowa jasho, na hapo ndo mi naumia nikiona hela ya idara imechezewa maana najua imetoka mkono gani. Najaza fomu ya maombi, wazee wanapitisha, mhasibu ananipa masurufu, afu nina siku 14 za kurudisha stakabadhi na chenji. Stakabadhi ikikataliwa hilo ni deni langu.

Na mwaka jana lilinikuta. Nilinunua duka jingine huko huko Kariakoo, bei ikanivutia, nilipoomba risiti nikaambiwa mama hii ni bei ya bila risiti, ukitaka ya mashine tunaongeza asilimia 18. Nikapiga hesabu nikaona nikikubali hiyo watoto wa kundi la tatu wanakosa madaftari, basi nikachukua kikaratasi cha mkono. Mhasibu akakigeuza geuza, hakina TIN (namba ya mlipakodi ya duka), hakina jina la usharika, hata tarehe imekosewa, akaniambia dada yangu hapa siwezi kupitisha, mkaguzi akija atanibana mimi. Nikalipa 38,500 ya mfukoni kwangu na ilikuwa wiki ya ada nyumbani. Rangi nazo tulipozifungua Jumapili pakiti kibao zimevunjika, kurudi naoneshwa bango ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nililia kwenye daladala, sisemi uongo.

Sasa hili duka. Nilielekezwa na mwalimu mwenzangu, unashuka basi la mwendokasi pale Msimbazi unaingia ndani ndani, liko ghorofa ya kwanza, bango limefifia hata jina halisomeki vizuri ndo maana nasema aliye serious aje inbox nimuelekeze njia. Nikamkuta mzee mwenye duka na dada mmoja wa kaunta. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia, afu kabla hajaniuliza nataka nini akaniuliza watoto wangapi na wana umri gani. Nikamwambia. Akasema mwalimu, kwa hao wadogo wa miaka minne mitano chukua hizi rangi nene, zile nyembamba watazivunja siku ya kwanza, na usinunue pakiti 87, chukua 48 wakae wawili wawili, watajifunza kupeana. Jamani huyu ni mtu anauza, angeweza kuniuzia hizo 87 akanyamaza!

Ila kilichonimaliza ni maka peni. Nilitaka dazeni mbili za kuandikia mistari ya Biblia kwenye manila. Mzee akafungua boksi, akachomoa moja moja, kila moja akaipiga mstari kwenye kipande cha boksi alichoweka gotini, taratibu kabisa wakati wateja wengine wamesimama, mbili zikatoka zimekauka, akaziweka pembeni akajazia nyingine mi sijasema neno. Pale pale nikajua leo sirudi nyumbani na presha.

Bei zao siyo za chini kuliko wote, nisiwadanganye. Rimu ya A4 walinipa 12,000 na jirani yao nilishaulizia akasema 11,500. Penseli dazeni 1,800, mtaani kwetu moja moja ni 200 kwahiyo kila dazeni naokoa 600, nilichukua dazeni nane za penseli na dazeni nane za madaftari, 96 kwa 96, kila mtoto anapata na zinabaki tisa za wageni maana kila Jumapili kuna mtoto kaja na bibi yake. Jumla kuu na manila, gundi, mikasi ile yenye ncha butu na madaftari mawili ya kaunta buku ikaja 240,000 kamili. Bei aliyonitajia ndo hiyo hiyo ikaingia kwenye risiti, hakuna habari ya sijui na kodi sijui bila kodi. Kwa mtu anayenunua kwa hela ya kanisa hiyo shilingi 500 ya rimu ni ndogo sana ukilinganisha na kuambiwa kikaratasi chako hakipiti.

Na kitu kingine, wanakupa profoma. Nilienda wiki moja kabla, dada akaniandikia kila kitu na bei yake akagonga muhuri, hiyo ndo nikaambatanisha kwenye fomu ya maombi, kwahiyo wazee walipitisha hela wakijua penseli ni bei gani, na niliporudi bei zilikuwa zile zile. Nikalipa kwa lipa namba, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ikatoka na jina la usharika, kodi imekaa kwenye mstari wake. Mhasibu wetu aliiskani ile QR kwa simu ikafunguka ukurasa wa TRA, wale wa mapato, na kiasi kile kile, akanitazama akatabasamu. Ushauri wangu hapa, toeni kopi siku hiyo hiyo, zile karatasi za mashine wino unafifia ukiziacha kwenye pochi, mkaguzi akija mwisho wa mwaka anakuta karatasi nyeupe.

Kubeba ni juu yako, hawana usafiri, na hayo maboksi kwenye mwendokasi jioni usijaribu. Nilichukua bajaji 12,000 baada ya kubembelezana sana, na kwakuwa dereva hana risiti nilikuwa nimetembea na vocha ya malipo ya usharika, akaandika jina, namba ya bajaji na sahihi. Ikaja 252,000 kwenye masurufu ya 260,000, nikarudisha 8,000 mkononi kwa mhasibu siku ya tatu tu.

Mapungufu yapo. Ngazi ni giza na nyembamba, mama mjamzito au mtu wa magoti asipande, amtume kijana. Simu hawapokei, nimepiga mara nne. Vitu vya kikristo hawana kabisa, stika za mistari na picha za Nuhu utafute kwingine. Januari msiende, shule zinafunguliwa, mpaka kwenye ngazi watu wamejaa na mzee mwenyewe alinambia bei za madaftari zinapanda kuanzia Desemba, kwahiyo mahitaji ya robo ya kwanza mi nitayanunua Novemba hata kama itabidi niombe masurufu mapema.

Kuhusu kurudisha mali, Jumapili tuligundua mikasi miwili haifungi vizuri. Nikaipeleka Jumanne na risiti, dada hakuuliza swali, akaniletea mingine kwenye boksi akaijaribu kwa kukata karatasi mbele yangu.

Nitarudi wiki ya pili ya Agosti, maana sikukuu ya Mikaeli na Watoto ni mwisho wa Septemba na tunataka manila za rangi, karatasi za kutengenezea mabawa na kofia za watoto 87. Profoma nimeshaiombea.