Apareyi ya foto ya mtoto: uliza kwanza mabuye

Muuzaji wa Nyawera atakuonyesha namba kubwa iliyo kwenye boksi: megapikseli 48, yaani wingi wa nukta zinazounda foto. Achana nayo. Hapa Bukavu swali la kwanza ni apareyi inakula nini. Ikila mabuye mawili ya AA, yale ya tochi, umeme ukikatika siku tatu mtoto anaendelea kupiga foto. Ikiwa na betri yake ya pekee, siku chaja itakapopotea au betri itakapovimba utabaki na pambo la kabati.

Basi mimi ninazipanga hivi.

Ya kwanza: ya okazyo, yenye jina, ya mabuye. Mfano Canon PowerShot A495 ya mwaka 2010, au Nikon Coolpix L27. Ya Canon ina megapikseli 10, na kwa foto ya kuweka kwenye albamu hizo zinatosha na kubaki. Nenda sokoni na mabuye yako na kadi yako, usikubali kuambiwa "mama, ni nzima, ni betri tu imekwisha." Iwashe na kuizima mara kumi huku ukisikiliza lenzi: ikikwaruza au ikisita njiani, mchanga umeingia. Piga foto ya mawingu; doa linalorudi mahali palepale kila mara ni uchafu wa ndani. Mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, na unyevu wa ziwa letu utaulisha vizuri. Fungua pia mlango wa mabuye uangalie kutu ya kijani.

Kadi nayo ina mambo yake. Kadi za SDHC, zile zinazozidi GB 2, zilitoka 2006, na apareyi nyingi za kabla ya hapo haziisomi kadi inayozidi GB 2. Mimi nilinunua moja ya zamani kwa furaha, ikaikataa kadi yangu ya GB 32, nikapanda na kushuka Kadutu yote nikitafuta kadi ndogo ambayo hakuna anayeiuza tena.

Ya pili: Kodak PIXPRO FZ45, mpya. Megapikseli 16, zumu ya lenzi mara 4, mabuye mawili ya AA. Kwenye bei ya Marekani ongeza safari. Angalia usipewe FZ55: zinafanana, lakini hiyo ina betri yake.

Kwa zote mbili nunua mabuye manne ya kuchajiwa, ya NiMH: mawili ndani, mawili akiba. Ya alkalini yanafaa pia. Yale ya bei ya chini kabisa yanakufa baada ya foto chache, halafu lawama inaiendea apareyi.

Ya tatu: zile za plastiki zenye masikio ya paka. Kwa mtoto wa miaka minne, sawa, ataiangusha na itaamka. Lakini megapikseli zake nyingi ni foto ndogo iliyovutwa na programu, na ndani ya nyumba jioni utaona giza tupu. Tena huchajiwa kwa waya.

Ya mwisho: Instax. Foto inatoka papo hapo, watoto wote wa jirani watakuja. Ila pakiti moja ina karatasi 10, na siku ya komunyo zitakwisha kabla padri hajamaliza mahubiri.