Zenobia, Larnaca: shukeni mara mbili, na siku ya kwanza msiingie ndani

Nilijifunza kuzamia Mnemba, Unguja, kwa hiyo nikishuka majini macho yangu hutafuta matumbawe kwanza. Nje ya Larnaca, kisiwani Kupro, nilikuta mchanga mtupu, na mwamba wa samaki ni meli yenyewe: Zenobia, feri ya Uswidi iliyozama Juni 1980 ikiwa safari yake ya kwanza. Maji ya kuisawazisha yalijaa upande mmoja, ikainama mpaka ikalala.

Unashuka kwa kamba ya boya. Kwenye mita 16 hivi unaukuta ubavu wa kulia, halafu meli haiishi: ina urefu wa zaidi ya mita 170, na chini kabisa ni mita 42. Maji ni maangavu mno, unaweza kwenda kina bila kujua, kwa hiyo tazameni kompyuta ya kuzamia, ile ya mkononi inayoonyesha kina, kila mara.

Kilichonishika ni malori. Ilibeba zaidi ya 100. Mengi yamemwagika mchangani yakarundikana, na chewa mkubwa alikuwa ametulia penye mlango wa dereva kama anasubiri abiria.

Kisha nikawaona tasi, samaki wa kwetu! Kundi zima, wanatafuna mwani kwenye chuma. Asili yao si Mediterania. Waliingia kutoka Bahari ya Shamu kwa Mfereji wa Suez, kama wale samaki wengine wa mistari na miba yenye sumu waliojaa huko siku hizi. Wavuvi wa Kupro wana haki ya kulalamika, kwani wageni hawa wanamaliza mwani na samaki wadogo. Lakini mimi ambaye sijafika nyumbani mwaka wa pili sasa, machozi yalinitoka ndani ya miwani.

Mzamo wa pili sikuupenda. Tulikuwa watu wanane kwa kiongozi mmoja, naye akataka tupite ndani, kwenye sitaha ya malori. Nikakataa, nikabaki nje na mwenzangu. Siku Zenobia ilipozama hakufa mtu. Waliokufa ni wazamiaji, miaka ya baadaye. Kabla hamjalipa, ulizeni kiongozi mmoja anachukua watu wangapi.

Na suti ya kuzamia njooni na yenu. Niliyoazimwa ilinipwaya, maji yakawa yanapita mgongoni muda wote.

Meli naipa nyota tano, huduma tatu. Oktoba ijayo narudi, nikaone mapangaboi ya nyuma ambayo sikuyafikia.